Samaki Aliyefungwa Mkia

Alhamisi, Kiwayu, baada ya alasiri.

Jua limepungua ukali, upepo unapita kwenye makuti, na watoto wamelala chali juu ya mkeka, miguu imeganda mchanga. Nimekaa mlangoni na daftari hili mapajani. Nina furaha na nina haya, vyote kwa pamoja, na sijui nianze kuandika kipi.

Nianze na furaha, maana ndiyo iliyotuleta.

Zuhura, binti yangu mkubwa mwenye miaka saba, alishikwa na kifaduro akakohoa miezi miwili mpaka mbavu zikawa zinahesabika. Alipopona alibaki mnyonge. Hali, hachezi, anakaa kwenye ngazi za ua akitazama ukuta. Baba yake akasema mtoto huyu anataka hewa iliyo wazi, si hii inayopita vichochoroni mwa Lamu. Ana rafiki yake hapa Kiwayu, Bwana Bakari, anayemuuzia magamba ya ng'amba, wale kasa ambao gamba lao hutengenezwa vitana na vikuku. Kila mwaka Bwana Bakari humwambia alete watoto waione bahari. Basi mwaka huu tumekuja: yeye, mimi, Zuhura, na Asha wa miaka minne. Tulipanda jahazi, tukalala Mtangawanda kungoja maji yajae, Asha akatapika njia nzima, na Jumamosi adhuhuri tukafika.

Mavyaa, mama wa mume wangu, hakuipenda safari hii hata kidogo.

"Huko takaowapikia ni nani?" aliuliza mbele yangu, kana kwamba mimi ni mto wa kitanda.

Nilikasirika, lakini swali lilikuwa la haki. Nimezaliwa katika nyumba ya mawe yenye watu wa kupika. Walikuwa watumwa wa nyumba. Siku hizi wako huru, wana nyumba zao na majiko yao, na sijaona hata mmoja aliyerudi kutuuliza tunakula nini. Siwalaumu. Nyumbani amebaki mpishi mmoja wa mshahara, na mavyaa anaketi kigodani kumwamuru. Mimi hupewa mchele nichambue. Na ile shiraa, turubai tulilokuwa tukibebewa juu ya vichwa ili tusionekane njiani mchana, imekunjwa ghalani kwa kukosa wabebaji. Kwa hiyo miaka yote hii sitoki ila giza likiingia.

Sasa mwanamke huyo huyo, yaani mimi, Jumapili asubuhi alivua makubadhi akakanyaga mchanga wenye jua.

Nilipiga ukelele. Ulikuwa wa moto, nikakimbilia majini kama mtoto, buibui limenibana miguuni, na Bi Zainabu, mke wa Bwana Bakari, akaketi chini kabisa kwa kucheka. Upande ule wa ghuba ni wa wanawake, wanaume hawapiti. Nilisimama maji yakinifika magotini, mchana kweupe, hapana ukuta popote nilipotazama. Niliona rangi za bahari ambazo sina majina yake, maana nilizoea kuiona kutoka dirishani, kipande kama leso, tena usiku kikiwa cheusi.

Asha aliniuliza ni nani aliyekichimba kisima kikubwa namna hii. Nikamwambia ni Mungu. Akatafakari, akasema basi alichoka sana.

Na Zuhura wangu! Jumatatu alikula sahani nzima ya wali akaomba ukoko. Ameshika urafiki na Fatuma, binti wa wenyeji wetu, wanalingana kimo. Hutoka alfajiri hawarudi mpaka njaa iwarudishe, nywele zimesimama kwa chumvi ya bahari, magoti yamechubuka. Jana nilimsikia akicheka nikasimama kusikiliza kama anacheka au anakohoa. Alikuwa anacheka. Nililia kidogo, nikajipangusa kabla hajaniona.

Hata baba yao nimemgundua upya. Nyumbani ni mtu wa kanzu na bakora, akiingia watoto hunyamaza. Hapa amefunga kikoi, anapiga magoti mchangani anawajengea nyumba. Si nyumba tu: amepiga daka la kupokea wageni, ua, msana wa mbele, chumba cha ndani, na ukutani amechimba zidaka, vile vishimo vya kuwekea vyombo, kwa kijiti cha meno ili Zuhura na Fatuma wapange makombe kama sahani za kichina. Wimbi likija linavunja daka, naye anaanza upya, anabishana na mtoto wa miaka minne choo kikae upande gani. Ni miaka tisa nimeolewa na mtu huyu. Sikujua kuwa ana mchezo.

Bi Zainabu nikimwandika sitamaliza. Analima mtama, anasuka mikeka, anajua maji yatakupwa saa ngapi bila kuchungulia nje. Anabeba mtungi kichwani na mtoto mgongoni, na bado mkono mmoja uko huru wa kunionyesha ndege. Hakuniuliza hata mara moja kwa nini sijui hiki wala kile. Siku tatu alitulisha: wali wa nazi, kaa, mkate wa mofa, maembe. Kila nilipoinuka nimsaidie alinikalisha kwa upole. Mgeni hainuki, alisema.

Hapo ndipo haya iliponiingia, na haya ndiyo iliyoniponza.

Jumanne asubuhi Bi Zainabu alikwenda shambani kufukuza ndege. Bwana Bakari na mume wangu walikwenda upande wa pili wa kisiwa kutazama miti ya boriti. Nikabaki na watoto na wazo moja: leo nitapika mimi. Watarudi wakute chakula tayari, kwa mkono wangu. Niliwaona watu nyumbani kwetu wakimpaka samaki nazi na kumchoma mara elfu. Kuona tu nikadhani ni kujua. Kilichokosekana ni samaki mwenyewe, maana samaki kwangu huwa ni kipande kilichokwisha kukatwa, kinafika katika sinia.

Asha ndiye aliyeniambia yuko samaki kwenye dimbwi.

Nyuma ya nyumba kuna miamba, na kati yake dimbwi ambalo maji hubaki bahari ikitoka. Kweli, alikuwemo, mrefu kama mkono wangu kutoka kwenye kiwiko, mweusi, mwembamba. Alikuwa amefungwa kamba nyembamba mkiani, kamba imefungwa kwenye jiwe. Nikafurahi mno. Nyumbani kwetu kuku wa mgeni hufungwa mguu uani siku mbili tatu, akilishwa mpaka siku yake. Nikasema, alaa, huyu ndiye wetu, wamemfunga mkia kwa kuwa hana mguu! Tena nikajisifu kwa akili yangu.

Zuhura na Fatuma hawakuwako, walikuwa mbali wakiokota makombe. Asha akaniambia, "Mama, ana kiatu kichwani." Nikamtazama vizuri. Juu ya kichwa alikuwa na kitu bapa chenye mistari mistari, mfano wa uwayo wa makubadhi. Nikadhani ndivyo samaki wa huku walivyo.

Nilimpika. Niliungua vidole viwili, nikakuna nazi mpaka na ngozi yangu ikaingia, nikatwanga pilipili, nikamchoma juu ya makaa nikimpaka tui zito kwa ufagio wa makuti. Harufu ilikuwa nzuri. Nilijiona mtu mzima kwa mara ya kwanza, nami nina miaka ishirini na sita.

Bi Zainabu alirudi wakati namlaza samaki kwenye sinia. Alisimama. Mkono aliokuwa akifungulia leso ulibaki hewani kitambo. Nilidhani ni uchovu.

"Umepika wewe, Mama Zuhura?" akauliza.

Nikasema ndiyo, mwenyewe, peke yangu.

"Mashallah," akasema, na akalichukua sinia kwa mikono yake miwili akawapelekea wanaume ukumbini.

Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa makuti, nikisikiliza. Kulikuwa kimya kirefu kidogo. Kisha nikamsikia Bwana Bakari, sauti ya taratibu, akisema Bismillahi. Walikula. Alimsifu mpishi mara tatu. Mume wangu alikuwa akila kwa fujo, na kichwa cha samaki kimefunikwa tui, na hata kisingefunikwa asingejua. Yeye anajua magamba na miti, samaki anamjua akiwa sahanini, kama mimi. Alipokuja ndani macho yake yalikuwa yanang'aa. Akasema tukirudi Lamu jambo la kwanza atamhadithia mama yake.

Siku nzima niliishi juu ya sifa hiyo. Naandika kweli: usiku nililala nikiwaza uso wa mavyaa akiambiwa.

Jana adhuhuri Zuhura alikuja akanikalia miguuni, ananivuta kidole kimoja kimoja, tabia yake akiwa na jambo.

"Mama, babake Fatuma hawendi tena kuvua ng'amba."

Nikamuuliza kwa nini.

"Taza wake hayuko. Fatuma amesema tumemla. Lakini ameambiwa asiseme."

Nilimwita Fatuma. Mtoto alikuja ameinamisha kichwa, nikamwapia kuwa hatapigwa, na pole pole akanieleza, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Taza haliwi. Taza ni samaki mvuvi. Kile kiatu cha kichwani ndicho anachobandikia: hujibandika kwenye papa, kwenye kasa, asibanduke. Baba yake humfunga kamba mkiani akatoka naye kwa mtumbwi, akimwona ng'amba anamwachia. Taza huenda mbio mpaka amguse ng'amba tumboni, ananata, na baba anavuta kamba taratibu, wanakuja wote wawili. Akirudi nyumbani humweka dimbwini na kumlisha vipande kwa mkono. Hapigwi, hatukanwi, wala watu hawagombani mbele yake. Baba yake amekuwa naye tangu mwezi wa Maulidi. Na hii ndiyo miezi ambayo ng'amba huja karibu.

Jumanne jioni, tena Jumatano alfajiri, Bwana Bakari alikwenda mwambani kutafuta taza mwingine. Sisi tulidhani anakwenda kuvua.

Nilimpika mfanyakazi wa mtu nikamwekea mwenyewe kwenye sinia.

Nilikaa mpaka magharibi sijasema na mtu. Si kwamba sikujua la kufanya. Nilijua, na sikutaka. Nikisema, mume wangu atajua, na yeye akijua mavyaa atajua, kwa sababu mume wangu hawezi kuficha jambo zaidi ya siku mbili. Na mavyaa hatalisahau. Nitaitwa mla-mvuvi mpaka nizeeke. Nikinyamaza, narudi Lamu mpishi.

Tena nilipata kisingizio kizuri sana. Nilijiambia: hawa watu wamenisitiri kwa makusudi. Bwana yule alitia mkono katika sinia akamla samaki wake mwenyewe ili mimi nisiaibike. Mke wake alilibeba sinia. Wamemfunga mdomo mtoto wao. Nikienda kusema, si nitakuwa nimeitupa zawadi yao usoni mwao? Hoja ilikuwa nzuri, na niliipenda, na kwa sababu niliipenda mno nikaishuku.

Leo baada ya sala ya alfajiri nikamwambia mume wangu. Nilisema yote haraka, nikitazama mkeka. Alinipa mgongo. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, amejiziba mdomo kwa kikoi asiwaamshe watoto. Nikataka kumpiga. Kisha akanyamaza ghafla. Nadhani alikumbuka kile kimya cha ukumbini kabla ya Bismillahi.

"Na mimi niliomba kipande cha mkiani," akasema.

Nikamwambia nataka kwenda kuomba radhi mwenyewe, asiende kunisemea. Akasema sinia lilikuwa moja, tutakwenda wote.

Tulimkuta Bwana Bakari nje anasuka kamba, Bi Zainabu anapepeta mtama. Nilisimama nyuma ya mume wangu, ushungi umeniziba mpaka machoni. Bi Zainabu akaacha ungo. Nikasema, Bwana, nilidhani ni kuku. Hayo ndiyo maneno niliyoyapata kwa aibu yangu. Sikujua kuwa ni mwenzio wa kazi, sikumwuliza mtu, nilitaka sifa, nisamehe. Na ninyi mmekula.

Bwana Bakari hakuniinulia macho, kwa heshima, aliendelea kuishika kamba yake.

"Tangu mwezi wa Maulidi yeye ndiye alokuwa akinilisha," akasema. "Siku ile alinilisha mara ya mwisho. Ningalimkataaye?"

Mimi machozi yalinitoka ndani ya ushungi, na nashukuru kwa ushungi.

Mume wangu akasema hatuondoki Jumamosi kama tulivyopanga. Atapiga kafi mpaka taza apatikane, hata kama ni siku kumi. Bwana Bakari akakataa, akasema mgeni hapigi kafi. Mume wangu akasema ugeni tuliuhitimisha Jumanne kwenye sinia. Walivutana kwa adabu kitambo kirefu, kama watu wa huku wanavyovutana, na mwisho wakaenda wote wawili kuelekea mtumbwini. Wamerudi adhuhuri mikono mitupu. Mume wangu amebabuka mabega, viganja vimetoka malengelenge, na amelala kama gogo. Alasiri Bwana Bakari ametoka tena. Sijui watampata lini. Fatuma anasema huyu wa kwanza alitafutwa siku kumi na mbili.

Lakini lililotokea baada ya wanaume kuondoka ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu.

Tulibaki mimi na Bi Zainabu. Nilikaa karibu naye, nikashika upande wa pili wa ungo, na safari hii hakunikalisha. Tukapepeta. Sikuwa najua, nikamwaga nusu mchangani, akanionyesha jinsi ya kuzungusha mkono. Hakunisifu. Tulikwenda hivyo kwa muda, makapi yanatuingia machoni.

Kisha akasema, "Mama Zuhura, sasa kwa kuwa twaambiana kweli."

Nikamwambia aseme.

"Samaki yule munyu ulizidi."

Nilimtazama. Alikuwa ameuma midomo, anajizuia.

"Ulizidi mno," akasema. "Bwana Bakari usiku kucha alikuwa akinywa mai. Na ndani hakuiva. Upande wa mfupani alikuwa mbichi."

Nilicheka mpaka nikaangukia mtama. Naye akacheka, anapiga paja, anasema alipomwona mumewe akimeza kile kipande kibichi na kusema mashallah alitaka kutoka nje. Watoto walikuja mbio kuuliza tunacheka nini, tusiweze kuwajibu. Zuhura akaanza kucheka nasi bila kujua sababu, kicheko kile kile chenye pumzi ndefu, kifua chake kizima.

Sijui kwa nini nimefurahi namna hii. Nimepoteza sifa ya pekee niliyopata kupewa kwa kazi ya mikono yangu. Mavyaa ataambiwa, nimekwisha kuamua nitamwambia mimi mwenyewe siku ya kufika, kabla sijavua buibui, na acheke anavyotaka. Lakini miaka yote watu wamenipa maneno mazuri na kunitoa jikoni. Bi Zainabu amenipa neno baya akanisogezea ungo.

Kesho asubuhi ananifundisha kupika. Ameniambia nije mapema, nimejifunga kibwebwe, na samaki nitamwuliza yeye kwanza.